C na C++: Kujenga kwa Mkono, Kukata kwa Kanuni

C na C++ zilizaliwa katika kituo kimoja cha utafiti, maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, zikipishana kwa muda usiofika miaka kumi. Ya kwanza ilitengenezwa na Dennis Ritchie kati ya 1971 na 1973 kwa ajili ya kuandikia mfumo endeshi wa Unix. Ya pili ilianzishwa na Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark aliyefika pale mwaka 1979, nayo ikaanza kuuzwa Oktoba 1985. Programu nyingi za C hupita katika kompaila ya C++ kwa marekebisho machache, na ndiyo maana watu wengi, pamoja na matangazo ya kazi, huziandika pamoja na mkwaju katikati kana kwamba ni lugha moja. Ni lugha mbili, na kinachozitenganisha hasa ni gharama: kazi ileile hulipwa na nani, lini, na kama malipo yenyewe yanaonekana katika msimbo. Waliozitumia kwa miaka mingi wameacha kumbukumbu nyingi zilizoandikwa, na ndani yake kuna jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipita haraka. Aliyechagua C huishia kujenga kwa mkono sehemu ya kile ambacho C++ ingempa bure. Aliyechagua C++ huishia kukata kwa kanuni sehemu ya kile alichopewa.

Ritchie alisimulia historia ya lugha yake mwaka 1993, kwa maelezo yasiyo na majigambo. C ilitokana na B ya Ken Thompson, na B ilitokana na BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. Lugha hizo mbili za awali hazikuwa na aina za data. Kila kitu, kiwe namba, herufi au anwani, kilikuwa neno moja la mashine. Hilo lilitosha kwenye kompyuta ya PDP-7. Ilipokuja PDP-11, iliyohesabu kumbukumbu kwa baiti, herufi moja ikawa ndogo kuliko neno, na lugha ikalazimika kujua kipi ni herufi na kipi ni namba kamili. Aina za C zililetwa na haja hiyo ya mashine, wala si na nadharia. Mashine yenyewe ilikuwa na baiti elfu 24 za kumbukumbu, na kompaila ilipaswa kuenea humo. Udogo wa C, unaosifiwa leo kama hekima ya usanifu, kwa sehemu kubwa ulikuwa ni kukosa nafasi.

Kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C katika kiangazi cha 1973, na kuanzia hapo kila kosa la lugha likawa mali ya watu wengine. Mfano mdogo ni alama ya `&`, ambayo katika mpangilio wa kipaumbele iko chini ya `==`, kwa hiyo `a & b == c` haimaanishi kile ambacho karibu kila msomaji hudhani. Ritchie alilijua tatizo hilo mapema. Hakulirekebisha kwa sababu tayari kulikuwa na msimbo ulioandikwa, ingawa mashine zilizokuwa na C wakati huo zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. C++ iliurithi mpangilio huo kama ulivyo, na ungali hivyo hadi leo.

Kumbukumbu za Stroustrup zinaanzia Cambridge, Uingereza, alikokuwa akiandika programu ya kuigiza mfumo wa kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja, kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu. Aliiandika kwanza kwa Simula, lugha ya Wanorwe Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliyoleta klasi na urithi katika kuprogramu. Alivutiwa na jinsi Simula ilivyomwezesha kupanga mawazo yake, na jinsi kompaila ilivyonasa makosa ya mpangilio kabla programu haijaendeshwa. Ila programu ilikuwa nzito mno. Alipoipima aliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya muda ulikwenda kwenye kukusanya takataka za kumbukumbu, na hali programu yake haikuwa ikizalisha takataka hata kidogo. Ili amalize shahada, aliiandika upya yote kwa BCPL. Sasa ilienda kasi, lakini kuiandika na kuitafutia makosa kulikuwa adha tupu. Aliondoka Cambridge na azma ya kutoingia tena katika kazi kubwa akiwa na zana zisizofaa kwa namna yoyote kati ya hizo mbili.

Fursa ilikuja haraka. Pale Murray Hill alipewa kazi ya kuchunguza namna kiini cha Unix kingeweza kugawanywa katika kompyuta kadhaa zilizounganishwa, akahitaji klasi za Simula kwa kasi ya BCPL. Kufikia Oktoba 1979 alikuwa na programu ya awali iliyogeuza lugha aliyoiita C with Classes kuwa C ya kawaida. Aliichagua C akijua upungufu wake: ilikuwa inafanya kazi, ilienda kasi, ilikuwepo kila mahali, na kila aliyemzunguka aliijua. Baadaye alieleza kwamba C with Classes ilifanikiwa kwa wastani tu, kwamba mafanikio ya namna hiyo hayawezi kumlipa mtu wa kuitunza lugha, hivyo ilibidi ama aiache au atengeneze kitu bora zaidi. Alitengeneza. Jina C++ lilibuniwa na mwenzake Rick Mascitti mwaka 1983, mwaka ambao pia lugha ilipata fanksheni pepe, zile zinazoamuliwa wakati programu inaendeshwa. Kompaila yake, Cfront, ilitoa C kama matokeo, jambo lililoiwezesha kufika kila mahali C ilipokuwa imeshafika.

Kanuni aliyoishikilia tangu mwanzo inaeleweka vizuri mtu akikumbuka ile asilimia 80 ya Simula. Usichokitumia usikilipie, na ukitumiacho kisikugharimu zaidi ya vile ambavyo ungekiandika mwenyewe kwa mkono. Kanuni hiyo inahusu muda wa kuendesha programu. Haisemi lolote kuhusu muda wa kuikompaili, wala muda wa mtu kujifunza lugha, na huko ndiko gharama za C++ zilikolundikana.

Tofauti ya lugha hizi inaonekana wazi zaidi mahali pa kurudisha kilichoazimwa. Programu hufungua faili, huomba kumbukumbu, hushika kufuli ili nyuzi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja. Kila kimoja kati ya hivyo lazima kirudishwe, hata kazi ikikatikia njiani. Katika C, kurudisha ni wajibu wa mwandishi. Fanksheni inayoomba vitu vitatu ina mahali patatu pa kushindwa, na kila mahali panadai idadi yake ya vitu vya kuachilia. Mtindo uliozoeleka, unaopendekezwa hata na mwongozo wa uandishi wa kiini cha Linux, ni kuweka lebo mwishoni mwa fanksheni na kuzirukia kwa `goto`, ili vitu viachiliwe kwa mpangilio ulio kinyume na vilivyoombwa. Ukiandikwa kwa nidhamu, mtindo huo unasomeka vizuri. Tatizo ni pale mtu mwingine, miaka mitatu baadaye, anapoongeza ombi la nne katikati na kusahau lebo yake. Kompaila haitamwambia kitu.

C++ ilihamishia wajibu huo kwa kompaila. Klasi ina konstrakta inayoshika kitu na distrakta inayokiachilia, na distrakta huitwa yenyewe kila kigezo kinapotoka nje ya mabano yake, iwe fanksheni imemalizika salama au imekatizwa. Pengine hakuna kipengele kingine cha C++ ambacho wataalamu wa C hukionea wivu zaidi. Bei yake ni kwamba mabano ya kufunga, `}`, ambayo katika C ni alama tu, katika C++ yanaweza kuficha maelfu ya maagizo. Vivyo hivyo mstari kama `a = b + c;`. Kwa msomaji wa C, huo ni ujumlishaji wa namba au anwani na hauwezi kuwa zaidi. Kwa msomaji wa C++ unaweza kuwa ujumlishaji wa namba, au kuunganisha matini mbili kwa kuomba kumbukumbu mpya, au kujumlisha matriki nzima; hatajua mpaka aone aina za vigezo hivyo.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake walijaribu kukompaili Linux kwa C++ mwaka 1992, wakitarajia ukaguzi mkali zaidi wa aina. Walirudi kwenye C. Sababu alizozitoa baadaye, kwa maneno makali kama kawaida yake, ni kwamba kompaila za C++ za siku hizo hazikutegemeka, kwamba eksepsheni, yaani makosa yanayotupwa na fanksheni moja na kudakwa na nyingine, hazifai ndani ya kiini, na kwamba lugha inayoomba kumbukumbu kisirisiri si ya kuandikia mfumo endeshi. Hoja ya kwanza imepitwa na wakati. Ya tatu ina uzito hadi leo, kwa kuwa katika kiini mtu hulazimika kujua ni wapi hasa programu inaweza kusimama ikisubiri au kuomba kumbukumbu. Hata hivyo, atazamaye Linux ataona klasi kila mahali. Mfumo wa mafaili una muundo uliojaa pointa za fanksheni, moja ya kusoma, nyingine ya kuandika, nyingine ya kufunga, na kila aina ya faili hujaza muundo huo kwa fanksheni zake. Hizo ni fanksheni pepe za C++, zimeandikwa kwa mkono. Mwaka 2023 kiini hichohicho kilipokea makro zinazotumia nyongeza ya kompaila za GCC na Clang, ambayo huita fanksheni ya usafi kigezo kinapotoka nje ya mabano yake. Miaka thelathini baada ya kuikataa C++, distrakta iliingia Linux kwa mlango wa nyuma, ikiwa na faida moja ambayo watetezi wa C hawachoki kuitaja: haitumiki mpaka mwandishi aiandike waziwazi.

Uwanja wa pili wa mashindano ni msimbo unaopaswa kufanya kazi kwa aina yoyote ya data. Fanksheni ya kupanga ya C, `qsort`, hupokea anwani isiyo na aina, ukubwa wa kila kipengele, na pointa ya fanksheni ya kulinganisha. Inapanga chochote, na kwa sababu hiyohiyo haiwezi kugundua kwamba imepewa ulinganishaji wa namba kwa safu ya majina. Isitoshe, kila ulinganisho ni mwito wa fanksheni kupitia pointa, ambao kompaila kwa kawaida haiwezi kuufuta. Kiolezo cha C++, `std::sort`, huandikwa mara moja, na kompaila hukizalishia nakala maalumu kwa kila aina. Ulinganishaji hufumwa ndani ya kitanzi chenyewe. Kwa safu ya namba, toleo la C++ kwa kawaida huishinda `qsort` waziwazi. Hapa wapenzi wa C, wanaoamini kwamba lugha yao ndiyo ya kasi kupita zote, hushindwa kwa kanuni yao wenyewe. Malipo yanakuja upande mwingine: nakala nyingi hunenepesha programu, kompaila hutumia dakika badala ya sekunde, na kosa dogo ndani ya kiolezo lilikuwa likitoa kurasa za ujumbe usiosomeka. C++20 imeleta namna ya kutaja masharti ya kiolezo ili ujumbe uwe mfupi, miaka thelathini baada ya kamati kuvikubali violezo.

Ni suala hilohilo, zaidi ya urithi au klasi, lililochangia kuihamisha GCC kutoka C kwenda C++. Kompaila hiyo ya Richard Stallman ilitoka mara ya kwanza mwaka 1987, ikiwa imeandikwa kwa C. Kadiri ilivyokua, watunzaji wake walijikuta wamejenga kwa makro safu zinazojirefusha zenyewe kwa aina yoyote, pamoja na programu ya pembeni ya kusoma msimbo wao na kuzalisha taarifa za kukusanyia takataka. Mtunzaji mpya alilazimika kujifunza kwanza lugha hiyo ya makro, ambayo haikuwa na kitabu wala mwalimu. Toleo la 4.8 la mwaka 2013 lilikuwa la kwanza kuhitaji kompaila ya C++ ili kujengwa, na nafasi ya zile safu za makro ikachukuliwa na kiolezo cha kawaida. Lakini kanuni za uandishi za mradi huo zilipiga marufuku eksepsheni siku ileile, na kuwahimiza waandishi kutumia sehemu tu ya lugha. GCC iliacha kujenga kwa mkono, ikaanza kukata kwa kanuni.

Mifano ya kukata ni mingi. Mwongozo wa C++ wa Google unakataza eksepsheni, ukieleza wazi kwamba sababu kubwa ni msimbo wa zamani usioandikwa kuzistahimili. Kanuni za mwaka 2005 za programu za ndege ya kivita F-35, ambazo Stroustrup mwenyewe alishiriki kuzitunga, zinazikataza pia, kwa kuwa zana za wakati huo hazikuweza kuhakikisha muda wa juu kabisa ambao eksepsheni ingechukua mpaka ishughulikiwe. Upande wa C nao haujabaki nyuma. Maabara ya JPL ya NASA, ambayo gari lake la Curiosity lililotua Mirihi mwaka 2012 huendeshwa kwa C, ilikuwa na mtaalamu aliyetoa kanuni kumi mwaka 2006, Gerard Holzmann: fanksheni zisijiite zenyewe, kumbukumbu isiombwe baada ya programu kuanza kazi, kila kitanzi kiwe na kikomo kinachojulikana. Tofauti ni kwamba kanuni za C hukataza tabia za mwandishi, na za C++ hukataza vipande vya lugha. Kwa hiyo timu mbili za C++ zinaweza kuandika lahaja mbili ambazo hazisomani vizuri, jambo lisilotokea sana kwa C.

Kumbukumbu inayokwenda kinyume na ya GCC ni ya Martin Sústrik, mmoja wa waasisi wa ZeroMQ, maktaba ya kupitishia ujumbe kati ya programu. Aliiandika kwa C++, na mwaka 2012 akaeleza hadharani kwa nini anadhani ilifaa kuandikwa kwa C. Hoja yake ya kwanza ni ya makosa. Programu za miundombinu hazina ruhusa ya kuanguka, kwa hiyo mwandishi anataka kuona kila kosa linapotokea na linaposhughulikiwa, kwa karibu. Eksepsheni huvitenganisha vitu hivyo viwili kwa makusudi: huyu hutupa, yule hudaka, na katikati huenda pakawa na fanksheni ishirini zisizojua kinachoendelea. Aliziacha. Hapo ndipo alipokwama, maana konstrakta haina njia ya kurudisha jibu la kushindwa ila kwa eksepsheni. Ikabidi kila klasi iwe na fanksheni ya pili ya kuanzishia, na kwa hiyo kila kitu kiwe na hali ya tatu, ya kuwa kimezaliwa lakini bado hakijakamilika, ambayo msimbo wote unapaswa kuihofia. Hoja ya pili ilikuwa ya orodha. Orodha ya maktaba ya C++ hukiombea kila kipengele kifundo chake cha kumbukumbu. Mwandishi wa C huweka viunganishi ndani ya kitu chenyewe, akakiondoa kwenye orodha bila kutafuta wala kurudisha kumbukumbu yoyote. Sústrik aliandika maktaba mpya, nanomsg, kwa C.

Hoja hizo zina nguvu kwa sababu zinaonyesha kwamba sehemu za C++ zimeshikana. Kanuni ya kutolipia usichokitumia ni kweli kwa kila kipengele peke yake, lakini anayekata eksepsheni amejeruhi pia konstrakta, na anayekata konstrakta amejeruhi distrakta, na distrakta ndiyo iliyomleta. Ni haki pia kusema kwamba Sústrik alikuwa mahali ambapo C ina nguvu zake zote: maktaba ndogo, watu wachache, kasi ya mwisho, makosa yasiyovumilika. Watunzaji wa GCC walikuwa na mamilioni ya mistari na wachangiaji wa kuja na kwenda. Kila upande ulitoa ushahidi wa kweli kuhusu kazi yake.

Kwenye mazingira ya madirisha ya Linux, jaribio lilifanyika kwa upana zaidi, ingawa hakuna aliyelipanga. KDE ilianzishwa mwaka 1996 juu ya maktaba ya Qt, ya C++. GNOME ilianzishwa mwaka uliofuata kwa sababu leseni ya Qt haikuwa huru wakati huo, ikajengwa juu ya GTK, ya C. Chanzo kilikuwa sheria, si ufundi. Lakini programu za madirisha zinahitaji urithi kwa asili yake, kwani kitufe ni aina ya wijeti na wijeti ni aina ya kitu, kwa hiyo watu wa GNOME walijenga mfumo mzima wa klasi kwa C, unaoitwa GObject. Kutangaza klasi moja mpya kulidai kurasa za makro. Uchovu huo ulizaa Vala, lugha yenye klasi inayogeuzwa kuwa C, yaani ileile njia ya Cfront ya miaka ya themanini. Upande wa Qt hawakupona pia: C++ haikuwa na namna waliyoitaka ya kitu kimoja kutoa ishara na kingine kuipokea, wakaongeza programu yao ya awali ya kuchakata msimbo kabla ya kompaila. Hata hivyo GTK ilivuna faida ambayo Qt iliipata kwa taabu zaidi, ya kutumika kutoka lugha nyingine kwa urahisi.

Faida hiyo inastahili maelezo, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoamua. Fanksheni ya C iitwayo `fungua` huonekana katika faili lililokompailiwa kwa jina hilohilo au linalokaribiana nalo sana. C++ inaruhusu fanksheni nyingi zenye jina moja mradi zipokee aina tofauti, kwa hiyo kompaila hulisuka jina pamoja na aina zake kuwa mfuatano mrefu, na kompaila tofauti zimewahi kusuka kwa namna tofauti. Python, Java, Ruby na karibu kila lugha nyingine hujua kuita fanksheni za C. Chache hujua kuita klasi za C++. Hata ndani ya C++ yenyewe mambo hutikisika: GCC 5 ya mwaka 2015 ilipobadilisha umbo la ndani la `std::string` ili kutii kiwango cha C++11, wasambazaji wa Linux kama Debian walilazimika kujenga upya maktaba nyingi kwa mpangilio. SQLite, hifadhidata ya D. Richard Hipp iliyotoka mwaka 2000 na ambayo imo katika kila simu ya Android na iPhone, iliandikwa kwa C, na urahisi huo wa kuitwa kutoka kokote ni miongoni mwa sababu ambazo watunzaji wake hutaja. Dawa ya kawaida kwa wenye C++ ni kuweka `extern "C"` mlangoni: ndani klasi na violezo, nje fanksheni tupu. ZeroMQ yenyewe imejengwa hivyo.

Kuhusu kujifunza, ulinganisho ni mfupi. Toleo la pili la kitabu cha C cha Kernighan na Ritchie, la mwaka 1988, lina kurasa 272 na linamaliza lugha yote. Toleo la nne la kitabu cha C++ cha Stroustrup, la mwaka 2013, linazidi kurasa 1,300, na lugha imeongezeka tangu hapo. Kujua C hata hivyo si sawa na kuweza kuandika C salama, na hilo huchukua miaka. Wapo pia wanaoandika C++ bila kujua. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayeanza na kibao cha Arduino, chenye baiti elfu mbili za kumbukumbu ya kufanyia kazi katika modeli zilizoenea zaidi, anaandika C++ kila anapotaja `Serial`, ambacho ni kitu cha klasi. Hilo linatosha kukanusha dai kwamba C++ haienei kwenye mashine ndogo. Inaenea, ikiwa imekatwa.

Anayehama kati ya lugha hizi hukumbana kwanza na vijitofauti. Katika C, `int *p = malloc(40);` ni sahihi; C++ inadai aina itajwe kabla ya anwani kupokelewa. Ukubwa wa `'a'` katika C ni wa namba kamili, kwa kawaida baiti 4, na katika C++ ni baiti 1. Mikopo imekwenda pande zote mbili: namna ya kutangaza aina za vigezo vya fanksheni iliyoingia katika kiwango cha C cha 1989 ilitoka kwa Stroustrup, na maelezo yanayoanza na `//` yalifika C mwaka 1999.

Mahali ambapo lugha zote mbili zimeshindwa ni usalama wa kumbukumbu. Kosa la Heartbleed la mwaka 2014, katika maktaba ya OpenSSL ya C, liliruhusu mtu wa mbali kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, kwa sababu urefu uliotajwa na mwombaji haukukaguliwa. C++ ina safu zinazojua urefu wake na pointa zinazojiachilia, ila inaruhusu pia kila kitu cha C. Mwaka 2019 Microsoft ilisema kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama iliyoirekebisha ilitokana na makosa ya kumbukumbu, na mwaka 2020 watu wa Chromium, kivinjari kilichoandikwa kwa C++, walitoa kiwango kama hicho kwa makosa yao mazito. Watunzaji wa SQLite hupambana na tatizo hilo kwa majaribio: msimbo wao wa kujaribia unazidi ule wa hifadhidata yenyewe kwa zaidi ya mara 500. Miradi mingi haina uwezo huo. Desemba 2022 Linux toleo la 6.1 lilipokea Rust, lugha ya kwanza ya ngazi ya juu kupewa nafasi kando ya C ndani ya kiini hicho. C++ haijawahi kuipata nafasi hiyo.

Kwa mradi mpya ambao bado unapaswa kuwa katika moja ya lugha hizi, maswali yenye uzito ni machache: nani ataiita programu hiyo kutoka nje, kama data zake zina maumbo mengi yanayopitia hesabu zilezile, na kama timu ni ya watu watatu waliokaa pamoja au mia wasioonana. Lipo na swali jingine ambalo huwa halitajwi, nalo ni la kurudi nyuma. GCC ilihama pole pole: kwanza msimbo wake wa C ulisafishwa mpaka ukapita katika kompaila zote mbili, kisha ukabadilishwa kipande kwa kipande, na kwa miaka yote hiyo kompaila iliendelea kutolewa. Sústrik hakuwa na njia hiyo. Klasi, violezo na distrakta haviwezi kuvuliwa kimoja kimoja huku programu ikiendelea kufanya kazi, na nanomsg iliandikwa upya kuanzia mstari wa kwanza. Anayeanza na C na akajuta ana ngazi ya kupandia kwenda C++. Anayeanza na C++ na akajuta huanza upya.